Namna ya Kucheza Hare Hare Yukai Bila Kufukuzwa Plotini

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Thika, wa Ruiru au wa popote katikati yao, aliyefikia umri wa kulipa kodi ya nyumba, mwenye simu inayopiga video, na ambaye ameamua kwa akili timamu kujifunza densi ya katuni ya Kijapani. Wa Githurai wanaruhusiwa kusoma, ila wajue nauli haitarudishwa na mtu. Watoto wa shule hawatuhusu. Wao wataitazama mara mbili na kuicheza wakitumwa dukani. Tunazungumza na wewe ambaye magoti yako yamezoea kiti cha nyuma cha matatu, na ambaye mara ya mwisho kucheza mbele za watu ilikuwa harusi ya binamu, tena kwa kusukumwa.

Kwanza ujue unachokicheza, maana utaulizwa, na ukibabaika umekwisha. Wimbo unaitwa Hare Hare Yukai. Ndio unaofungia vipindi vya The Melancholy of Haruhi Suzumiya, katuni ya studio ya Kyoto Animation iliyoanza kuonyeshwa Japani Aprili 2006. Maneno ni ya Aki Hata, muziki ni wa Tomokazu Tashiro, na waimbaji ni wale wale waliotoa sauti za wasichana watatu wa hadithi: Aya Hirano, Minori Chihara na Yuko Goto. Hadithi inamhusu msichana wa shule ya upili, Haruhi, ambaye amechoshwa na watu wa kawaida na anatafuta wageni kutoka sayari nyingine, wasafiri wa wakati na watu wenye nguvu za ajabu. Anaunda klabu, anawalazimisha wenzake kuingia, na kipindi kikiisha wote watano wanajipanga na kucheza kwa dakika moja na nusu. Basi. Ila hiyo dakika moja na nusu mashabiki waliibeba, wakaicheza vyumbani, wakaicheza kwenye matamasha, wakaicheza barabarani kule Akihabara, Tokyo, na kupandisha video YouTube, tovuti ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa mtoto anayejifunza kutembea.

Utaulizwa pia kwa nini ujifunze leo densi ya 2006. Jibu lipo, tena la kihistoria. Mwaka huo hapa kwetu intaneti ilikuwa ya setilaiti na ya kusubiri. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo mtu wa Thika alikuwa akiingia saiba, analipa shilingi moja kwa dakika, anabonyeza video, anaenda kula chapati, anarudi na kukuta mstari umesogea unene wa ukucha. Waambie ulianza kuipakua wakati huo na imemaliza juzi.

Swali gumu zaidi ni hili: Japani inakuhusu nini? Usilijibu kwa unyonge. Panda matatu ya 237 pale Ruiru, na kabla ya kufika Thika utapita Juja, kilipo Chuo Kikuu cha JKUAT. Kilianza 1981 kikiwa chuo cha kati, kwa msaada wa serikali ya Japani, kwenye hekta 200 alizotoa Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1977. Wataalamu wa Kijapani wametembea kwenye vumbi la Juja kabla ya mama yako kukutana na baba yako. Na hata usipofika Juja, sikiliza Probox ya jirani ikiwashwa saa kumi na moja asubuhi. Ndani yake kuna mama mwenye adabu sana anayemkumbusha jirani, kwa Kijapani, kwamba hajaweka kadi ya kulipia barabara. Jirani humjibu kwa Kikuyu. Wameishi hivyo miaka mingi bila kuelewana na bila kuachana, na hakuna ploti kati ya Kimbo na Makongeni ambayo haisikii Kijapani kabla ya chai. Wewe unachoongeza ni mikono tu.

Kama ni mjomba anayekubana, yule wa kusema vijana wa siku hizi wanaiga kila kitu, muulize taratibu kuhusu mwomboko. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku ngoma ya muthirigu mwaka 1930 kwa sababu nyimbo zake zilikuwa zinawatukana wamishonari na machifu. Vijana waliofuata, hasa wa miaka ya 1940, walikamata kodiani ya Mzungu, wakamwiga namna anavyomshika mwenzake na kuzunguka naye sakafuni, wakatia karing'aring'a ya chuma, na matokeo yake yakawa mwomboko: hatua mbili na kuinama, ngoma ambayo leo inachezwa Madaraka Dei mbele ya viongozi kama utamaduni wa tangu enzi na enzi. Mjomba hatakuwa na la kusema. Akiwa nalo, mpeleke Pwani. Tangu miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walikuwa na beni: sare zilizonyooshwa, tarumbeta, gwaride, na vyeo vya kingi na jenerali walivyopeana wenyewe kwa wenyewe. Vikundi vya Marini na Arinoti vilienea hadi bara la Tanganyika, na mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo mwaka 1975. Mtu mzima ndani ya koti la jenerali asiye na jeshi hata moja, anakaguliwa na mashabiki wa kundi pinzani wanaotafuta kasoro kwenye vifungo. Hiyo leo tunaiita kosplei na kuilipia kiingilio kwenye tamasha la Otamatsuri kule Nairobi.

Baada ya kuwanyamazisha wazee, tuingie kazini.

Hapa kuna njia ya mkato, na ni haki yako kuijua. Kama huna marafiki wanne, acha Haruhi. Kuna Bling-Bang-Bang-Born ya Creepy Nuts, wimbo uliofungulia msimu wa pili wa katuni ya Mashle mwezi Januari 2024, na ambao ulimaliza mwaka huo ukiwa juu kabisa kwenye chati ya Billboard Japani. Huo unachezwa na mtu mmoja. Shujaa wake, Mash, amezaliwa katika dunia ya wachawi bila uchawi wowote, kwa hivyo amejaza misuli na anapenda keki za krimu. Densi yake inataka magoti yaliyolegea, mikono inayopita huku na huku, na uso mkavu kama wa mtu anayesubiri chenji kwa makanga. Kijana aliyelelewa na spika za nganya hana tabu na mdundo huo, na katika nchi iliyoongoza dunia kwa matumizi ya TikTok kwenye ripoti ya Reuters Institute ya 2023, huwezi kukosa mahali pa kuiona. Ni densi nzuri. Ni densi ya mpweke pia, na hapo ndipo ninapoiacha, maana kipimo cha mtu katika eneo letu si kama anaweza kutikisa bega. Kipimo ni kama anaweza kuwakutanisha watu watano wazima Jumapili moja, mahali pamoja, saa moja.

Watu wenyewe uwachague hivi.

Haruhi hachaguliwi. Haruhi ni yule aliyeunda kundi la WhatsApp, akaweka picha, akabandika kanuni, na kujiita kamanda kabla hujajua umeongezwa. Kwenye katuni anavaa kitambaa chekundu mkononi cha kuonyesha kwamba yeye ndiye mkuu. Hapa utepe uliobaki kwenye gari la harusi unatosha. Usimpinge. Mtu mwenye nguvu za kupiga simu tano asubuhi ya Jumapili ni rasilimali ya taifa.

Yuki Nagato ni yule msichana kimya anayesoma vitabu pembeni. Kwenye kundi lenu ni yule ambaye tiki zake ni za buluu lakini hajawahi kujibu hata pole. Mtamtilia shaka, mtamjadili kwenye kundi jingine, mtatafuta wa kumbadilisha, kisha siku ya mazoezi mtamkuta ameshafika, ameshajua hatua zote, ameketi juu ya mtungi.

Mikuru Asahina kwenye hadithi aliburutwa kuingia klabu. Hapa ni binamu aliyekuja kutoka Gatanga kutafuta kazi, akaambiwa "twende tu mahali." Ataogopa mwanzo. Watu wote watampenda yeye.

Itsuki Koizumi anatabasamu wakati wote, hata akikupa habari mbaya. Mtafute kwenye ofisi za kuuza mashamba, ambazo kati ya Ruiru na Thika ni nyingi kuliko miti. Ni yule kijana mwenye tai aliyekuonyesha hamsini kwa mia kule Matuu, dakika tano kutoka lami, na mpaka leo hujui dakika hizo zilipimwa kwa chombo gani. Mkaribishe, ila mkataze kuja na makaratasi yake.

Kyon ndiye msimulizi, na kazi yake ni kulalamika. Kwa huyu sina la kuwafundisha. Ataanza na nauli.

Nauli, kwa kweli, ina haki ya kulalamikiwa. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa Novemba 2012, njia nane, kama kilomita 50 kutoka Nairobi, na siku hiyo udhuru wa barabara mbovu ulikufa na kuzikwa. Watu wakabaki na mvua. Wingu likikusanyika upande wa Gatundu tu, bei inapanda, na wa Thika anaandika kwamba "mambo imekuwa mob, naona kama sitamek." Kwa hivyo mazoezi yapangwe kwa sheria za chama: faini ya hamsini kwa kuchelewa, mia kwa kutokuja, na mweka hazina awe Yuki. Mkifanya hivyo jueni pia lugha ya njiani. Mtu wa Thika akisema "niko Juja," anatafuta soksi. Akisema "nimeshuka," yuko Juja. Wa Ruiru ni hatari zaidi kwa sababu yuko karibu. Yeye ndiye hufika mwisho, akiwa na ndala.

Sasa mahali. Nimesikia kila pendekezo, na ninayapanga hapa kwa mpangilio wa hasara. Blue Posts pale Thika, hoteli iliyopo tangu 1908, ina nyasi safi na maporomoko ya Chania ya kupendezesha picha. Ila mtanunua soda tano za bei ya hoteli, na mhudumu atazunguka na menyu mpaka dhamiri iwachome. Fourteen Falls maji yatawanyima muziki. Kamakis ni mahali pa kula nyama, si pa kucheza; kila kibanda kina mugithi wake, na mpigaji gitaa mmoja akishaanza, wimbo wa Kijapani wa kwenye simu unakuwa mbu. Madaraja ya watembea kwa miguu juu ya barabara kuu yana mandhari nzuri sana, na wauza chaja. Uwanja wa chuo unafaa, mkiwa na kitambulisho cha mwanafunzi na roho ya kujibu askari wa lango.

Kuhusu sheria niseme kidogo tu. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mwenye mkutano wa hadhara amjulishe mkuu wa kituo cha polisi siku tatu kabla, na zisizozidi 14. Kuna na kanuni za kelele za 2009. Nayo bodi ya filamu, KFCB, ilikumbusha wananchi mwaka 2018 kwamba hata video ya kuweka mtandaoni inahitaji leseni. Mtu akiyazingatia haya yote kwa densi ya sekunde 90, atakuwa na faili nene kuliko ya shamba. Simshauri mtu avunje sheria. Ninasema tu kwamba watu wengi huishia kwenye paa.

Paa la ghorofa ya Ruiru lina kila kitu: upepo, mwanga, tangi jeusi la maji la kuegemeza simu, na kamba za nguo ambazo zitawafundisha kuinama mkitaka msitake. Chagueni saa nane mchana, kina mama wakiwa wamerudi kanisani na bado hawajapanda kuanua. Simu iwe na chaji kamili, kwa sababu tokeni za stima huisha chorusi ikianza. Na mjiandae na keateka. Atapanda. Hana budi kupanda, kwa sababu wa ghorofa ya tano ameshampigia kwamba dari linadunda. Mazungumzo huwa hivi:

"Vijana, nyinyi ni wa kanisa gani?"

"Tunafanya tu mazoezi, mzee."

"Ndio nauliza, mazoezi ya kanisa gani?"

Hapa Kyon anataka kueleza ukweli. Mzuieni. Haruhi ajibu: "Ni ya vijana, mzee. Tuna presentesheni."

Keateka atawatazama mmoja mmoja, atafika kwa Yuki, atakaa hapo. "Na huyu mbona hacheki?"

"Huyo ndiye wa maombi."

Atatikisa kichwa kwa heshima. Atasema, "Msikanyage hiyo paipu, wa chini watakosa maji," na atashuka. Mmepata paa, hadi siku atakapoziona sketi.

Sketi zenyewe ndizo sura ngumu ya mwongozo huu. Sare ya shule ya Haruhi ina kola pana ya buluu inayoanguka mabegani, kama ya mabaharia. Kwenye mitumba ya Thika kola hiyo ipo, ila imejificha kwenye marundo ya nguo za watoto, kwa saizi ya mtoto wa darasa la tatu. Suluhisho ni fundi. Mpelekee blauzi nyeupe, kitambaa cha buluu, na picha kwenye simu. Usimpe maelezo, mpe picha, na usiondoke mpaka akate. Fundi wetu ni mtu wa busara na huongeza busara hiyo kwenye urefu: ukiagiza sketi ya juu ya goti, utaletewa ya katikati ya muundi, yenye mkunjo wa akiba kwa ajili ya kukua. Ipokee. Keateka atarudi.

Nywele ni rahisi. Kokote katika Afrika Mashariki huwezi kumtisha msusi kwa rangi. Mwambie unataka zambarau iliyofifia, ya kukata shingoni, na hatauliza kwa nini. Atauliza ni pakiti ngapi. Haruhi anahitaji utepe wa manjano kichwani. Itsuki na Kyon wavae suruali na koti la shule walilomalizia kidato cha nne, na wasivute pumzi.

Tumefika kwenye hatua zenyewe, na wengi mliruka mkaja hapa moja kwa moja. Rudini juu. Wengine, sikilizeni. Tafuteni video iliyogeuzwa kama kioo, la sivyo mkono wenu wa kulia utakuwa wa kushoto wa Haruhi na mtagongana. Punguzeni kasi hadi nusu. Mtaona mikono inazungushwa kifuani, mtaona mkono mmoja kiunoni na mwingine unanyoosha kidole juu, mtaona miguu inaruka kidogo kila upande. Hakuna hata moja ambayo mtu aliyewahi kukimbilia matatu ya 145 ikiwa imeshaanza kuondoka hawezi. Ugumu uko kwingine. Kiuno chetu kimefundishwa tangu utotoni kwamba wimbo ni wake. Kikisikia ngoma kinataka kushuka chini na kukaa huko. Densi hii haikitaki. Kazi yote ni ya mabega, viganja na ncha za vidole, na kiuno kinatakiwa kitulie kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakuja. Mkimwona mwenzenu anaanza kushuka kwenye chorusi, mwiteni jina lake kamili.

Jambo la pili ni kwamba hamtakiwi kufanana. Hapa ndipo vikundi vingi vya kanisa, vilivyozoea kunyoosha mikono kama askari, vinaharibu. Waliochora densi hii walimpa kila mtu tabia yake. Haruhi anatupa mikono kana kwamba anaidai. Yuki anafanya kila kitu sawasawa bila kubadilisha uso. Mikuru yuko nyuma kidogo, anahofia kuanguka. Wavulana wako nyuma, mmoja anatabasamu, mwingine anamalizia tu. Kwa hivyo binamu wa Gatanga akichelewa nusu sekunde msimkemee. Ndiye peke yake anayeicheza vizuri. Na Kyon akiguna katikati ya video, acheni mguno ubaki.

Jukwaa la kwanza lisiwe tamasha la Nairobi. Mtakutana na watu walioshona kola zao kwa miezi na watawatazama vifungoni, kama Arinoti akimtazama Marini. Jukwaa lenu ni ruracio, siku ya kupeleka mahari. Hakuna hadhira yenye kiu kuliko ya ruracio: wazee wamejifungia sebuleni wanajadili mbuzi, wageni wako kwenye tenti wamemaliza soda ya pili, na harufu ya chakula inatoka nyuma ya nyumba bila chakula chenyewe. Mwendeeni dijei mapema. Wimbo uwe kwenye flashi, si kwenye bando, na faili msiliache na maandishi ya Kijapani. Liandikeni "Wimbo wa Wageni", la sivyo atafungua kitu kingine. Mpeni toleo fupi la kwenye katuni. Toleo refu lina sehemu ambazo hamjajifunza, na dijei wetu hana desturi ya kukata wimbo mbele ya watu wanaoteseka.

Yatakayotokea yatatokea kwa mpangilio huu. Sekunde kumi za kwanza, kimya. Kisha mtoto mmoja atapiga kelele ya furaha, maana anaijua, na atakuja mbele na kuicheza kuwashinda. Simu zitatoka. Mpishi atatokea na mwiko. Katikati ya chorusi shosho mmoja wa Gatundu ataweka kikombe chini, atasimama, na kuwaonyesha kwa magoti yake mwenyewe kwamba hamjui kuinama. Mpisheni. Yuko kwenye mdundo, tena barabara, na hatua zake ni mbili. Dijei akiona ukumbi umechangamka hatawapa nafasi ya kushukuru. Ataingiza mugithi, watu watashikana mabega wawe treni, nayo itapita katikati yenu na kuwabeba wote watano, Yuki akiwa behewa la pili, uso ule ule.

Mkirudi, pandisheni video ya kule paani, si ya ruracio. Ya ruracio ina wazazi. Andikeni jina la wimbo sawasawa. Tagini Ruiru na Thika zote mbili ili kuepusha ugomvi. Msisubiri sifa za kola wala za vidole, kwa sababu maoni 9 kati ya 10 yatauliza kuhusu ile duveti ya jirani iliyoanikwa nyuma yenu, ya maua ya pinki: imenunuliwa wapi, ni saizi gani, na wanaleta mpaka Makongeni? Itsuki ameshaanza kujibu. Bei yake ameiongeza mia mbili.